KABLA YA KUPANDA NDEGE: MATAYARISHO YA ANAYEKWENDA KAZI NG'AMBO

(Mazungumzo ya mfanya kazi mmoja wa njia ya reli mbele ya wanachama wa Kitale na Bungoma na jamaa zao. Yamepigwa chapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu ameniomba niseme juu ya matayarisho ya safari ya nchi za nje. Sababu mnaijua ninyi nyote. Hapa Kitale na kule Bungoma ni shida kupata mtaa usio na kijana anayetafuta pasi, au binti aliyekwisha kwenda Riyadh, Doha au Dubai. Wengine wanatuma fedha vizuri na nyumba za mabati zinaonekana. Wengine simu zao zimenyamaza. Mwaka 2021 Bunge letu liliambiwa ya kwamba Wakenya 89 walikufa katika Saudi Arabia kwa muda wa miaka kama miwili, na wengi wao walikuwa watumishi wa nyumbani. Siwaambieni haya ili mkae nyumbani. Mtu mwenye njaa ya kazi hazuiliwi na hotuba, na mimi sikuja kuzuia mtu. Nimekuja kusema juu ya makaratasi, fedha na mwili, kabla siku ya kuondoka haijafika.

Mimi mwenyewe sijapanda ndege. Kazi yangu ni gengi ya njia, mataruma na kokoto. Lakini majirani huniletea mikataba yao niwasomee, kwa sababu katika shule ya misheni mwalimu wetu hakukubali mtoto aruke mstari hata mmoja. Nimesoma mingi sasa, na mambo yale yale yanarudi.

Tuanze na jina. Mtaona ni jambo dogo, lakini hapa ndipo watu wetu wengi wanapokwama. Sisi tuna jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la babu, na jina aliloandika mwalimu siku alipokuwa na haraka. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nekesa, kitambulisho kinasema Nakesa, cheti cha shule kinasema Rose peke yake. Ukifika kuomba pasi, majina matatu ni watu watatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuweka vyeti vyote juu ya meza na kuvilinganisha herufi kwa herufi. Kilicho na kosa kirekebishwe kwanza, na hilo lina miezi yake, si siku zake. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze leo, hata kama hana safari yo yote. Pasi yenyewe huombwa kwa njia ya eCitizen, kisha mtu huitwa aende mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Eldoret wana ofisi, na Kisumu pia. Mwenye pasi ya zamani atazame tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hazimpokei mgeni ambaye pasi yake imebakiwa na muda wa chini ya miezi 6.

Kuna na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi wa upelelezi. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kitabu kidogo cha rangi ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari, kwa maana kabla ya siku 10 cheti hakihesabiwi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Akikuambia mtu ya kwamba chako kimechakaa kwa kuwa kimepita miaka 10, anataka fedha yako.

Sasa nataka kusema juu ya Malaba, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi watu wa pande hizi mpaka ni kama ua wa jirani. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kubwa ikapita Bungoma na Tororo ikafika Kampala mwaka 1931. Mpaka mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, shirika la reli lilikuwa moja, na mtu wa Bungoma aliweza kupelekwa kazi Tororo kama anavyopelekwa Webuye. Mbukusu ana shemeji zake Wagisu ng'ambo ya Lwakhakha. Msabaot ana ndugu zake Wasebei ng'ambo ya Suam. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa bila pasi. Hilo ni jambo jema na sisi tunalifurahia. Ukienda kumwona shangazi Mbale, chukua kitambulisho, kitabu chako cha chanjo, badilisha fedha kwa kiasi chako, basi.

Lakini madalali nao wamejua ya kuwa mlango huu ni mwepesi. Mwaka 2014 Serikali ilipofuta vibali vya mawakala waliokuwa wakipeleka watu Mashariki ya Kati, madalali hawakufunga kazi. Waliwapitisha wasichana nchi za jirani, wakapandia ndege huko. Vibali vilirudishwa baadaye kwa masharti mapya, lakini njia ile ya panya haijaota nyasi. Dalali atakuja kwako Kiminini au Chwele akiwa na viatu vizuri. Atasema, “Dada yangu, mambo ya Nairobi ni marefu, sisi tutapita Malaba na kupandia Entebbe wiki ijayo.” Mwulize swali moja tu: kwa nini? Nairobi kuna kiwanja cha ndege, na ndege za Waarabu zinaruka kila siku kutoka pale. Anayekuzungusha Entebbe anakimbia kitu, na kitu hicho ni mkataba kupigwa muhuri na Wizara ya Kazi yetu. Ukipita huko, Serikali yako haina habari ya kuwa umeondoka, haijui uko kwa nani wala mshahara wako ni kiasi gani. Siku ya shida, ubalozi utaanza kwa kuuliza wewe ni nani.

Wakala wa haki ana kibali, na majina ya wenye vibali yanatolewa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Yanasomeka hata katika simu. Usitazame kibali kilichotundikwa ukutani, maana karatasi hutengenezwa hata mtaani. Litafute jina katika orodha yenyewe, na utazame kama kibali hakijakwisha. Na dalali wa kijijini si wakala. Hata kama anasali na wewe kanisa moja, yeye analipwa kwa kichwa.

Tazama pia neno lililoandikwa katika viza. Kuna viza ya kazi na kuna viza ya matembezi. Vijana waliosoma, tena wanaojua kompyuta, waliitwa Thailand kwa kazi ya ofisi, wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kuwaibia watu kwa simu; Serikali yetu imelazimika kuwaokoa wengi. Mwaka 2025 tulisikia na habari za vijana waliokwenda Urusi kwa kazi ya kawaida wakajikuta wamevikwa nguo za vita. Mtu akikupa viza ya matembezi na kusema utabadilisha ukifika, hiyo si kazi.

Nije kwenye mkataba. Wazee wetu wa reli watakumbuka neno girimiti. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga njia hii kati ya 1896 na 1901, na mkataba wao ulikuwa wa miaka 3. Kazi yao ilikuwa ngumu sana, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Lakini mkataba wao ulitaja muda, chakula, na nauli ya kuwarudisha kwao. Mimi nimeletewa karatasi za siku hizi, zilizopigwa kwa mashine nzuri, zisizotaja nauli ya kurudi. Nawauliza, je, mjukuu wa Kitale aende na mkataba ulio mnyonge kuliko girimiti?

Basi usipotaja kitu kingine, taja hivi: jina la mwajiri na mji wake, kazi ni gani (kutumikia nyumba moja si sawa na kutumikia nyumba ya bwana na ya mama yake na ya dada yake), mshahara kwa fedha ya kule, saa za kazi, siku ya kupumzika, nani analipa tikiti ya kwenda na ya kurudi. Kwa kazi ya nyumbani katika Saudi Arabia, viza na tikiti ni juu ya mwajiri. Kanuni za nchi hiyo za watumishi wa nyumbani zilizoanza kufuatwa mwaka 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, na mtumishi apate siku nzima ya mapumziko kila wiki. Katika Qatar, tangu Machi 2021, mshahara wa chini ni riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, na watumishi wa nyumbani wamo. Tena mwajiri asipotoa malazi aongeze riyali 500, na asipotoa chakula aongeze 300. Mambo haya yajueni kabla ya kwenda, kwa maana mwajiri mbaya hatakuambia.

Mkataba ukiwa kwa Kiarabu na Kiingereza, usitie sahihi siku ile ile. Omba uende nao nyumbani ukalale nao usiku mmoja. Akikataa, umekwisha kupata jibu lako.

Pasi yako ni mali yako. Nasema hivi kwa sababu ya ile desturi ya kafala, ambayo humfunga mfanya kazi kwa mwajiri mmoja. Katika Trans Nzoia hii, nchi ya mashamba ya walowezi, babu zetu tangu 1920 walivaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, na hawakuweza kuacha kazi mpaka bwana atie sahihi ya kuwafungua. Asiyefunguliwa akaondoka, alitafutwa kama mwizi. Kafala ni ndugu ya kipande. Saudi Arabia walilegeza mambo mwaka 2021, lakini walioachwa nje ya ulegezaji ule ni watumishi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, watunza bustani na watu wa mashamba, ndio kusema watu wetu hasa. Sheria zao zinamkataza mwajiri kushika pasi ya mtumishi, lakini wengi huishika. Kwa hiyo piga picha kila ukurasa wenye maandishi: pasi, viza, mkataba. Nakala moja ibaki kwa mama au kaka, nyingine kwa katibu wa tawi letu, nyingine uipeleke mwenyewe katika barua-pepe yako, ili uweze kuipata hata ukinyang'anywa simu.

Jambo la fedha linanitia uchungu kuliko yote. Nimeona ng'ombe wa maziwa akiuzwa, na hati ya shamba ikiwekwa rehani, ili mtoto aende. Chukueni penseli. Riyali ya Saudi imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola 1. Tuseme mshahara ni riyali 900. Hiyo ni dola 240. Tuseme dola ni shilingi 130, basi ni shilingi 31,200. Ukitoa matumizi madogo ya kule na gharama ya kutuma, labda unabakiza 25,000. Sasa, kama dalali alikula 150,000, hiyo ni miezi 6 mizima unamfanyia kazi dalali, na riba ya mkopo bado. Na ng'ombe angekuwa akitoa maziwa miezi yote hiyo. Mtu apige hesabu hii mbele ya mke au mume wake na mbele ya wazazi, kabla ya kuuza kitu. Nimeshangaa kuona watu wanaobishana nusu saa sokoni juu ya bei ya debe la mahindi, lakini hesabu hii hawaifanyi.

Mwenye kazi ya reli asiache kazi kwa neno la simu. Ngoja mkataba uwe mkononi umepigwa muhuri, ndipo uandike barua. Najua vijana wetu wametazama picha za reli za Waarabu: ile ya kasi kati ya Makka na Madina iliyofunguliwa 2018, na treni za chini ya ardhi za Doha zilizofunguliwa 2019. Kazi za namna hiyo zataka vyeti. Mwenye cheti cha chuo cha reli akitunze, na ajue ya kuwa vyeti huthibitishwa hapa nchini kabla ya kukubaliwa kule. Asiye na cheti atapewa sururu, na sururu anayo hapa.

Mwili nao. Utapimwa Nairobi katika hospitali zilizochaguliwa na nchi hizo: kifua, damu, na kwa wanawake mimba. Ukishindwa, fedha ya kipimo hairudi. Kwa hiyo pimwa kwanza hapa katika hospitali ya Kitale au Bungoma kwa gharama ndogo. Mwenye kikohozi kisichoisha atibiwe kwanza. Mwenye dawa za kila siku aulize kwa daktari, achukue barua yake, na dawa zikae katika paketi zake zenye jina, maana dawa nyingine za hapa ni hatia kule. Na joto la kule si joto la Lodwar. Hupita digrii 45 wakati wa kiangazi. Kazi za juani zimekatazwa saa za jua kali: Saudi Arabia ni tangu saa sita mchana hata saa tisa, kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba, Qatar ni tangu saa nne asubuhi hata saa tisa na nusu, kuanzia 1 Juni mpaka 15 Septemba. Vijana wa gengi wakumbuke.

Saa nayo ina mtego wake. Riyadh, Doha na Kuwait saa zao ni sawa na zetu. Dubai na Muscat wako mbele kwa saa 1. Lakini Mwarabu akisema “saa sita” kwa lugha yake, neno utalijua kwa sababu sisi tulilichukua kwao, na maana utaikosa, kwa sababu yeye anahesabu kama Wazungu: kwake saa sita asubuhi ni saa kumi na mbili yetu. Binti mmoja aliniambia kwamba wiki yake ya kwanza alichelewa kuamka kwa sababu hiyo. Maneno mengine yatawasaidia: dawa ni dawa, sukari ni sukkar, chai ni shai, safari ni safar, tabibu ni tabib. Jifunzeni na shurta, yaani polisi, na sifara, yaani ubalozi, na jawaz, yaani pasi. Mkienda Muscat mtakutana na watu wanaosema Kiswahili safi kuliko chetu, jamaa waliotoka Unguja, wengi baada ya 1964.

Namba za simu msizitie ndani ya simu peke yake. Andikeni juu ya kitambaa kwa kalamu isiyofutika, namba ya ubalozi wa Kenya wa nchi ile na namba mbili za nyumbani, kishonwe ndani ya pindo la gauni. Kenya ina balozi Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Kuwait na Muscat. Patanieni na nyumbani neno moja la siri. Kwa mfano, akiuliza, “Yule ng'ombe mwekundu amezaa?” na kwenu hakuna ng'ombe mwekundu, mjue anasikilizwa na mambo ni mabaya. Msiseme ni mchezo wa watoto. Mwajiri anaweza kukaa karibu mtu akipiga simu.

Wanaobaki nao wajitayarishe. Mama akienda miaka 2, mtoto abaki kwa nani, na kwa maandishi gani? Mwalimu na zahanati watamtambua nani? Malipo ya afya ya familia, ambayo tangu Oktoba 2024 yako chini ya SHA, yasikatike. Fedha zitumwe katika akaunti ya mwenyewe au chama cha akiba, na sehemu tu kwa jamaa. Nimeona ndugu aliyekabidhiwa fedha za kujenga akajenga tumbo.

Jambo la mwisho ni la sisi kama chama. Katika Saudi Arabia na Falme za Kiarabu hakuna vyama vya wafanya kazi, na katika Qatar mgeni hawezi kuanzisha chama. Kuwait, Bahrain na Oman vyama vipo. Maana yake ni kwamba anayekwenda Riyadh hataweza kumwita katibu wa tawi mlangoni. Chama chake ni kile alichokiacha hapa. KUDHEIHA ndio chama cha watumishi wa nyumbani katika nchi yetu, na anayekwenda kwa kazi hiyo, hata kama baba yake ni mtu wa reli, aende akajiandikishe huko kabla ya kuondoka. Kenya ilikubali tangu mwaka 1965 Mapatano Na. 97 ya Shirika la Kazi la Dunia juu ya wafanya kazi wanaohama, kwa hiyo tunapopiga kelele kwa Wizara hatuombi sadaka.

Kamati ya tawi imekubali kufungua daftari. Litakuwa na jina la anayesafiri, jina la wakala, mji na mwajiri, tarehe ya kuondoka, na namba ya jamaa wa karibu. Ikipita miezi 2 bila habari, katibu ataandika barua kwa wakala, na nakala kwa Wizara na ubalozi. Daftari la Kitale liko kwa katibu wa tawi. La Bungoma liko kwa mweka hazina. Wenye mikataba ambayo hawajaielewa waniletee Jumamosi alasiri baada ya zamu, katika banda la zana karibu na stesheni. Waje na karatasi zote, si ile ya juu peke yake, na waje kabla ya kutia sahihi.